Santuri Tatu za Fiorenzo

Ya kwanza niliinunua kwa hasira,
Modena, duka la nyuma ya stesheni,
mwaka mmoja tangu bendi ivunjike
na deni la gari bado linatutafuta.
Jaladani yupo peke yake, Fiorenzo Malagoli,
koti jeupe, fidla begani
kama mtoto aliyekataa kulala.
Jina langu halimo. Sikutazamia liwemo.
Nililitafuta mara mbili.

Kwenye ngoma amekodi kijana wa Milano,
hodari, siwezi kusema uongo,
kila pigo limepigwa pasi na kukunjwa.
Mimi nilikuwa napiga kama mpagazi anayeshusha magunia,
lakini magunia yangu yalikuwa na kitu ndani.
Kibao kimoja, dakika kumi na tisa:
fidla inapanda ngazi, inateremka, inapanda tena,
imesahau ilichofuata huko juu.
Nikasema kwa sauti, jikoni,
mkono mmoja haulei mwana.
Ione akauliza, huku akikatakata kitunguu:
mkono wake, au wako?

Ya pili ilitoka zama zile
kila redio imemeza mashine.
Nami nilikuwa fundi wa mashine za kufulia, Carpi,
kwa hiyo ngoma ile niliitambua papo hapo:
ni ule mzunguko wa mwisho, nguo zimekamuka,
hakuna aliyekuja kuzichukua.
Fidla ameipitisha kwenye nyaya
mpaka ikalia kama filimbi, kama paka,
kama kila kitu isipokuwa mti na utumbo wa kondoo.
Nasikia ziliuzwa mia tatu na kumi.
Zilizobaki ziko darini kwa dada yake,
kati ya mapipa ya siki,
siki inayohamishwa pipa hadi pipa kila majira ya baridi
ili mjukuu ambaye hajazaliwa aje aionje.
Nilitaka kufurahi.
Nilikaa na lile tamanio siku nzima, halikuiva.

Ya tatu imeletwa jana na tarishi.
Bahasha bila barua.
Jalada ni karatasi ya kufungia jibini,
jina kaliandika kwa kalamu, herufi zinatetemeka.

Fidla tu.
Hakuna besi, hakuna kinanda, hakuna kijana wa Milano.
Amerekodi kule kule darini: nasikia mbao zikijinyoosha,
kengele ya parokia ikikosea kuingia,
pumzi yake kupitia pua waliyomvunja Bologna
usiku tuliogoma kupiga kabla ya kulipwa.
Halafu, chini ya upinde, chini ya yote,
kiatu.

Kile cha kushoto.
Studioni kilikuwa kinalia kama mlango wa sakristia,
kiliingia kwenye kanda, kikaharibu siku mbili za kazi,
nikamwambia vua, akavua,
akacheza na soksi wiki nzima bila kunisemesha.
Sasa amekiacha kilie. Kinahesabu:
moja mbili, moja mbili, moja mbili tatu.

Saba yangu.
Haikutoka kwenye kitabu cha mtu yeyote.
Niliitoa kwenye mashine ya baba ya kufuma soksi,
iliyokuwa na jino moja limevunjika
na kila ikizunguka, inachechemea.
Utotoni nililala juu ya mchechemeo huo.
Nilimpa Fiorenzo nikiwa na miaka ishirini, bure,
kama mtu anavyotoa sigara.

Na pale nilipozoea kuingia
ananyamaza.
Upinde umeinuliwa, najua umeinuliwa,
kiatu kinaendelea peke yake,
zamu nne, saba saba,
nafasi pana ya kutosha kiti kimoja na mtu asiye mwembamba.

Ione anaita, supu inapoa.
Nimeirudisha sindano mara ya tano,
kijiko mkononi, ukingo wa meza.
Pigo la saba kachelewa.
Mjinga yule bado anachelewa,
kiasi cha unywele, vile vile kama zamani.

Nikamngoja.